Anayemwuguza Mzee, Naye Anauguzwa na Nani?

Saa kumi za usiku, wakati ukungu wa Rwenzori umekwisha kushuka mpaka kwenye migomba, kopo tupu la maziwa hulia katika nyumba moja iliyoko kilimani juu ya Bwera. Kopo hilo limefungwa kwa uzi kwenye komeo la mlango. Likilia, mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na minne huinuka kutoka kwenye mkeka alioutandika palepale mlangoni, naye husema kwa sauti nzito kadiri awezavyo: "Shifti imebadilishwa, mzee. Ya leo ni ya mchana. Rudi ukalale." Baba yake, aliyevaa koti na kushika tochi isiyo na betri, husimama kidogo akifikiri, kisha hujibu, "Ndiyo, bwana nyapara," akarudi kitandani. Baada ya saa moja kopo hulia tena.

Mzee huyo aliandikwa kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini. Siku hizo reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ilikuwa ikichukua shaba kwenda Jinja kuyeyushwa, na chini ya ardhi walikutana watu wa makabila mengi waliosikilizana kwa Kiswahili. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 alirudi kwao, akalima kahawa na mihogo, akasomesha watoto, akawa mtu wa kuulizwa mipaka ya mashamba kila palipozuka ugomvi. Leo hajui kama amekula au hajala. Hajui kwamba mkewe alikwisha kufariki. Walakini amri za mgodini bado zimo kichwani mwake timamu, na ndiyo sababu binti yake humjibu kwa Kiswahili usiku, ingawa mchana nyumbani husemwa Kikonzo. Hata hayo makazi anayoyatafuta hayako tena kama ayajuavyo: baadhi ya nyumba za kando ya mto Nyamwamba zilichukuliwa na mafuriko ya tarehe 1 Mei, 2013.

Kwa Wakonzo, mtoto wa kwanza akiwa wa kike huitwa Masika, na wa pili akiwa wa kike huitwa Biira. Ni majina ya zamu ya kuzaliwa, wala si ya mtu mmoja. Binti huyu ni Masika. Marehemu mama yake naye alikuwa Masika, kwa kuwa alikuwa kifungua mimba kwao. Basi mzee aitapo "Masika!" gizani, binti hawezi kujua kama anaitwa yeye ama anaitwa mama yake aliye kaburini. Miaka ya kwanza alikuwa akiuliza. Siku hizi huitika tu.

Maradhi haya hayakuanza jana. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, na jinsi alivyoukuta ubongo wake umeharibika alipoupima baada ya kifo chake. Aina aliyoieleza ndiyo inayopatikana kwa wingi kupita zote katika kundi la maradhi ambayo waganga wa leo huyaita dimenshia. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Si uchawi, wala si laana iliyotoka mgodini, kama walivyonong'ona baadhi ya majirani wa mzee huyu mpaka mbuzi wawili wakaenda kwa mganga bila faida yoyote. Hali kadhalika si uzee mtupu, maana wazee wengi hufika miaka tisini na akili zao nzima.

Lakini neno moja halina budi kusemwa kabla ya kuendelea. Si kila mzee anayechanganyikiwa ana dimenshia. Malaria, uchafu katika njia ya mkojo, upungufu wa vitamini, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, huzuni kubwa baada ya msiba, hata vidonge vingi vinavyogongana tumboni, vyote vyaweza kumfanya mtu asahau na kusema ovyo. Na vingi kati ya hivyo vina dawa. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya hospitali. Mzee huyu alipimwa, akaonekana hana hayo. Ana maradhi ambayo hayajapatiwa dawa ya kuyaponya, na ambayo huendelea kwa miaka.

Sababu ya lile kopo ni hii. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo doria za usiku ziliongezwa, na hakuna mtu wa Bwera aliyeona ubaya. Miezi michache baadaye mzee alifungua mlango kimya, akashuka kilima kuelekea barabara kuu, tochi mkononi. Askari wa doria walimwamuru asimame. Hakusimama. Walimwamuru mara ya pili, naye akajibu kwa kutaja namba yake ya kazi ya Kilembe, huku akiendelea kuwajia.

Kila askari asomaye habari hii anajua ni kitu gani kingeweza kufuata. Kilichofuata ni kwamba koplo aliyeongoza doria ile aliisikia ile sauti kuwa ni ya mtu mzima sana, akawaambia vijana wake washushe mitutu, akamwendea kwa ubavu bila kummulika usoni. Akamwuliza, "Shikamoo, mzee. Shifti ipi?" Mzee akajibu ya alfajiri. Wakamkalisha, wakampa maji, wakamfunika kwa koti la mvua mpaka kulipopambazuka, kisha wakampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Binti alipofika akilia, koplo alimwambia maneno machache tu: "Mama, safari hii ni sisi. Safari nyingine huenda ikawa ni zamu ya wengine."

Tangu siku ile hajalala usiku mzima.

Huenda askari wengine wa doria wakakutana na mzee wa namna hiyo, hasa karibu na mipaka, barabara kuu na mito. Aliyepotewa na kumbukumbu hakaidi amri; haielewi, au huielewa kisha ikampotea kabla hajageuka. Makelele na mwanga mkali humtia hofu, naye akiogopa hukimbia au hupiga. Swali moja fupi, kwa sauti ya chini, hufanya kazi kuliko maswali matano. Aghalabu hawezi kusema kijiji anachokaa, bali ataweza kutaja kijiji alichozaliwa au mahali alipofanya kazi ujanani, na hapo ndipo pa kuanzia kutafuta watu wake.

Mdogo wake huyu binti ni sajini wa polisi aliyepangwa kazi mbali, upande wa mashariki ya nchi. Kila mwezi alikuwa akituma fedha kwa simu bila kukosa, na kwa haki hakuna awezaye kumwita mtoto mbaya. Mkewe akimwuliza habari za nyumbani, hujibu kwamba mzee yuko na dada, hana shida. Ni jibu linalosikika katika nyumba nyingi za askari, na hutolewa kwa moyo mweupe. Ndani ya jibu hilo dada amegeuzwa kuwa mahali pa kuwekea mzee, mfano wa chumba au kitanda, kitu ambacho hakiulizwi hali yake.

Mwezi Desemba sajini alipata likizo, akapanda basi mpaka Kasese, na kutoka hapo teksi ya Bwera. Alipofika hakumtambua dada yake kwa mara moja. Alikuwa amekonda mashavu huku miguu imevimba. Alikuwa akishika kiuno kila ainukapo. Wakati wa chakula alimlisha baba matonge ya bundu kwa kitoweo cha samaki, kwa subira, kwa muda wa saa nzima; yeye mwenyewe akala kwa haraka akiwa amesimama.

Usiku ule kopo lilipolia, sajini aliruka kabla ya dada yake. Kwa mazoea ya kazi yake alidhani kwamba jambo la kweli likisemwa waziwazi litamaliza maneno. "Baba," alisema, "mgodi ulifungwa zamani. Hakuna shifti. Na mama alikwisha kufa." Mzee alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia kama mtu aliyepata habari ya msiba wakati uleule, kwa kuwa kwake yeye ilikuwa ni wakati uleule. Halafu akakasirika, akampiga mwanawe kwa tochi kwenye paji la uso. Dada aliwatenganisha, akasema maneno yake ya nyapara, mambo yakatulia. Akakaa chini akimfuta mdogo wake damu, naye akamwambia bila ukali, "Wewe umemfisha mama usiku huu mara moja. Mimi nilimfisha kila siku kwa mwaka mzima, mpaka nilipojifunza kunyamaza."

Katika mazungumzo ya usiku ule ndipo mengine yakatoka. Alikuwa amepewa vidonge vya shinikizo la damu miaka mitatu iliyopita, akaviacha, kwa sababu siku ya kwenda kuchukua vingine hakuwa na wa kumwachia mzee. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Alikuwa ameacha kwenda kanisani, ameacha chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwani mara mbili mzee alimfuata huko akiwa nusu uchi, na watoto wakacheka. Kahawa yake iliiva, ikaanguka chini. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siku moja mzee alipojichafua mara ya nne tangu alfajiri, alimfungia ndani, akaenda kukaa shambani, akamwomba Mungu amchukue baba yake kabla ya jua kuchwa. Aliporudi na kumkuta mzima, alihisi uchungu, kisha akauogopa uchungu wake mwenyewe. "Sasa nikimwosha," alisema, "nahisi kama naosha mtu niliyemuua."

Wako watakaosoma maneno hayo na kumlaumu. Wawe wavivu wa kulaumu. Mawazo ya namna hiyo huwajia watunzaji wengi walio wema kabisa. Huletwa na kukosa usingizi na kukosa msaada, wala hayathibitishi kwamba upendo umekwisha. Jambo la hatari ni kuyaficha mpaka yageuke kuwa kofi, au kamba, au sumu anayoikusudia mtu kwa ajili ya nafsi yake.

Wataalamu wamekwisha kupima vile kazi hii inavyoingia mwilini. Mwaka 1995 wachunguzi wa Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao wenye dimenshia, na wengine 13 wasiokuwa na mzigo huo, wakamtia kila mmoja kidonda kidogo cha milimita tatu na nusu. Vidonda vya watunzaji vilichelewa kupona kwa siku tisa. Ohio si Bwera. Huko kuna maji ya bomba na mashine za kufulia. Ikiwa huko mwili ulishindwa kuziba tundu dogo kiasi hicho, itakuwaje kwa mtu ateremkaye mtoni na mashuka kila siku? Mwaka 1999 wachunguzi wengine wa Marekani walitangaza habari za wazee waliofuatwa kwa miaka minne. Wale waliokuwa wakiwatunza wake au waume zao wagonjwa, nao wakaona kazi imewalemea, hatari yao ya kufa ilizidi ya wenzao wasiotunza mtu kwa asilimia 63. Shirika la Afya Duniani nalo husema kwamba katika kila saa kumi za kuwatunza wenye dimenshia, saa saba hutolewa na wanawake.

Asubuhi sajini alimchukua dada yake hospitalini. Mashine ilisoma 184 juu ya 112. Mganga alimwuliza kama ana mawazo mengi, naye akajibu hapana, kisha akalia kwa robo saa. Alipewa vidonge, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, na akaelezwa kwamba hali yake ya huzuni ikizidi iko sehemu ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Fort Portal. Akaambiwa alale. Hilo la kulala ndilo lililokuwa gumu kuliko vidonge.

Basi alipelekwa kwa binti yake mjini Kasese kwa siku nne, na sajini akabaki na mzee. Kabla ya kuondoka dada alimpa maagizo mengi hata akacheka: asimwoshe kwa maji ya baridi, asimbishie, asimwulize "unanikumbuka?", amwachie punje za kahawa azichambue mchana kwa kuwa mikono yake ikishughulika moyo wake hutulia, asimpe chai jioni. Mtu aliyezoea kulinda usiku benki na mizani ya barabarani alidhani siku nne si kitu. Usiku wa pili alikuwa amekaa mlangoni akiwa na hasira ambayo hakujua inatoka wapi. Siku ya tatu mzee alikataa kuvuliwa suruali iliyochafuka, akamwita mwanawe mwizi, naye sajini alijikuta amemshika mkono kwa nguvu mno, hata vidole vikaacha alama. Alitoka nje akakaa chini ya mwembe. Hakuwahi kumweleza mtu habari ya alama zile ila dada yake.

Jumapili iliyofuata kikaitwa kikao cha ukoo. Vikao vya namna hii mara nyingi huishia kwa sala na chai, kila mtu akimsifu anayetunza kwa moyo wake wa dhahabu na kumwachia mzigo wake uleule. Sajini hakutaka sifa. Alileta daftari la zamu, kama lile la kituoni, akaandika majina. Mjukuu mmoja, kijana mwenye bodaboda, alipewa usiku mbili kila wiki. Shangazi akachukua siku ya soko kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Mke wa sajini akakubali kuja na watoto wakati wa likizo za shule. Mjomba mmoja alisema kazi ya kumwosha baba mkwe si ya kiume, akaulizwa kama kujichafua ni kwa kiume, na hapo watu wakacheka, zamu yake ikaandikwa. Fedha zilizokuwa zikitumwa ziligawanywa: sehemu ni ya mzee, sehemu ni ya dada kwa jina lake, kwa matumizi yake asiyoulizwa.

Lilikuwapo pia jambo la fedha za wazee zinazotolewa na serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi. Mpango huo ulipoenezwa nchi nzima, umri uliwekwa kuwa miaka 80. Mzee ameupita, walakini kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1949, maana aliyeandika alikisia na mzee hakuwa na cheti. Kama kitambulisho hicho kingekuwa cha kweli, angeandikwa kazi Kilembe akiwa mtoto wa miaka kumi na minne. Kuirekebisha tarehe kumekwisha kugharimu safari nne. Kazi hiyo alikabidhiwa mjukuu aliyesoma, na bado anaifuatilia.

Katika mfuko wa ndani wa koti la mzee kimeshonwa kitambaa chenye jina la kijiji na namba mbili za simu. Mwenyekiti, kituo cha polisi na kambi ya doria, wote wamearifiwa na kuonyeshwa sura yake. Dada naye amerudi katika chama cha akina mama, ambamo amegundua kwamba wenzake wawili wanauguza mama wakwe wenye hali ileile. Sasa watatu hao hubaki nyuma kila baada ya mkutano. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wenye huzuni kubwa waliokutana kila wiki kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kidogo tu na wasio madaktari, walipata nafuu kubwa kupita wale walioachwa bila vikundi. Akina mama hawa watatu hawana habari za uchunguzi huo. Mmoja wao aliposimulia jinsi alivyomwombea mkwewe kifo, dada aliweka chini kikombe chake, akamwambia, "Hata mimi."

Likizo ilipokwisha, mashine ilisoma 152 juu ya 96. Si kipimo cha kujivunia, lakini miguu ilikuwa imepungua uvimbe, na usiku mbili za kila wiki alilala kitandani, mlango wa chumba chake umefungwa.

Shida ilibaki moja. Mjukuu hakuweza kuiga sauti ya nyapara. Akijaribu, mzee humwambia kwamba yeye ni mtoto, aende shule. Likafanyika shauri. Siku hizi, katika zile usiku mbili, kopo linapolia, simu hulia pia katika bweni la polisi upande wa pili wa Uganda. Sajini hujifunika blanketi kichwani ili asiwaamshe wenzake, akaweka simu mdomoni.

"Shifti imebadilishwa, mzee. Ya leo ni ya mchana."

Kimya kidogo. Kisha kutoka Bwera, kwa sauti ya mtu mtiifu aliyevaa koti: "Ndiyo, bwana nyapara. Na Masika umwambie nimeshapata habari, asiningoje mlangoni."